Homa ya Mafua na Ujira wa Siku

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Malindi na Kilifi, na kupigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu wasiweze kufika.



Tuliombwa tuseme machache juu ya homa ya mafua: jinsi ya kuitambua inapoingia kazini, na jinsi ya kuizuia isienee. Wako waliouliza, nao walikuwa na haki ya kuuliza, chama cha wafanya kazi kina shauri gani na mafua? Si kazi ya daktari hiyo? Jibu letu ni hili. Daktari humwona mtu akisha kuugua. Lakini mahali mafua yanapopita kutoka kwa mtu huyu kwenda kwa yule ni jikoni mwa hoteli, ni chumba cha dobi, ni nyumba za wafanya kazi zenye vitanda sita chumba kimoja, ni juu ya lori la kwenda kwenye mashamba ya chumvi, ni ndani ya matatu ya alfajiri. Mahali hapo daktari hayupo. Tupo sisi, yupo nyapara, na yupo tajiri. Na sababu kubwa inayomtoa mgonjwa kitandani kwake na kumpeleka mahali hapo twaijua wote. Asipofika, halipwi.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe, maana neno mafua tunalitumia ovyo. Mtu akipiga chafya mbili kwa vumbi la barabara husema ana mafua. Pua inayotiririka siku mbili tatu na koo linalowasha, huku mtu anakula chakula chake na kufanya kazi yake, hayo ni mafua madogo, na kila mmoja wetu huyapata mara kadha kwa mwaka. Homa ya mafua, ile ambayo madaktari huiita influenza, haiji hivyo. Huja kwa ghafula. Asubuhi mtu ni mzima, jioni amelala. Mwili wote huuma, mgongo na miguu kama ya mtu aliyepigwa. Kichwa chagonga. Homa hupanda pamoja na baridi, hata mtu ajifunike shuka saa saba ya mchana katika jua la Malindi. Kikohozi ni kikavu, koo lauma, na chakula hakitamaniki. Watoto wengine hutapika au kuharisha. Kwa kawaida homa yenyewe hukaa siku tatu hadi tano, lakini kikohozi na uchovu huweza kukaa wiki mbili au zaidi.

Mtasema: hizo si dalili za malaria? Naam, nyingi ni hizo hizo, na hapa ndipo watu wetu wengi huanguka. Sisi tuliozaliwa kati ya Mtwapa na Sabaki tumefundishwa tangu utoto kwamba kila homa ni malaria. Mtu akisikia baridi hutuma mtoto dukani kununua vidonge, akavimeza, akarudi kazini. Ikiwa ni mafua, vidonge vile havimfai kitu, na wenzake watano wameambukizwa. Lakini kuna hatari iliyo kubwa zaidi, nayo ni kinyume chake: mtu ana malaria, asema ni mafua tu, akae nyumbani na chai ya tangawizi mpaka malaria impande kichwani. Tena pwani yetu imepata kuona homa ya dengi, na chikungunya iliyowapinda watu viungo, nazo pia huanza kwa homa na maumivu. Hakuna mganga wala mtaalamu awezaye kuzitenga homa hizi kwa macho. Kipimo cha malaria cha tone la damu ya kidole hutoa jibu kabla ya nusu saa. Kwa hiyo, homa yo yote, nenda ukapimwe. Tunalirudia neno hili kwa sababu tungali tukisikia watu wazima, wenye akili zao, wakisema kwamba wao huijua malaria yao kwa ladha ya mate.

Kuna alama moja, hata hivyo, ambayo mjumbe wa chama aweza kuiona kabla ya daktari. Malaria haikohozeshi watu kwa makundi. Ukiona watu watatu wa idara moja wameangushwa katika wiki moja, wote wana homa na wote wanakohoa, hapo pana kitu kinachopita kati yao. Hiyo si habari ya kuongea kwenye kahawa tu. Ni habari ya kuandikwa: jina la idara, siku, idadi ya watu, na kupelekwa siku ile ile kwa msimamizi na kwa zahanati iliyo karibu. Wajumbe waliozoea kuandika saa za ziada katika daftari wanaweza kuandika na hayo.

Sasa mafua hupitaje? Hebu tumfuate mtu mmoja. Tumwite Kazungu, mpishi msaidizi katika hoteli ya ufukoni, akaaye Muyeye, na tuseme analipwa shilingi 700 kwa siku. Mtoto wake alitoka shule Ijumaa akikohoa. Jumatatu Kazungu yuko kazini, mzima kabisa, lakini vijidudu, yaani virusi, vimo ndani yake tayari, na mtu huanza kuvitoa yapata siku moja kabla hajajisikia mgonjwa. Hiyo ni hila ya ugonjwa huu, na kwa siku hiyo ya kwanza hatuwezi kumlaumu mtu. Jumanne saa sita mgongo wamuuma na macho yamemwiva. Anapiga hesabu. Akirudi nyumbani amepoteza mia saba, na kodi ya nyumba ni wiki ijayo. Anameza vidonge viwili vya kutuliza maumivu, homa inashuka, anaendelea kukata vitunguu.

Ndugu, tusimame hapo kidogo. Vidonge vile vimeshusha homa, havikuua kijidudu hata kimoja. Kazungu sasa ni hatari kuliko alivyokuwa amelala, kwa maana anatembea. Anakohoa kwenye kiganja, kisha anashika mpini wa friji, bomba la maji, na sahani anayompa mhudumu. Kila akikohoa au kusema kwa sauti, matone madogo yasiyoonekana humtoka na kumfikia aliye hatua mbili tatu mbele yake. Na yaliyo madogo zaidi huelea katika hewa ya chumba kilichofungwa. Juu ya chuma na plastiki kijidudu cha mafua chaweza kuishi siku nzima, pengine mbili. Saa kumi wanakunywa chai, na kikombe cha bati pale jikoni ni kimoja. Usiku analala katika chumba cha zamu pamoja na watano, na dirisha limefungwa kwa ajili ya mbu.

Kutoka kuambukizwa mpaka kuugua ni siku moja hadi nne, mara nyingi mbili. Basi Alhamisi wapishi wawili hawasimami. Jumamosi ni wahudumu watatu na msichana wa dobi. Jumatatu ya pili tajiri anapiga kelele kwamba watu ni wavivu, na mhudumu mmoja yuko kwao Marafa, ambako amempelekea bibi yake mwenye miaka themanini zawadi asiyoijua.

Piga hesabu tena. Kazungu angelala siku nne kwa malipo, tajiri angetoa shilingi 2,800. Watu wanane wakilala siku nne nne, hizo ni siku 32 za kazi, na kwa ujira ule ule ni shilingi 22,400, mbali na wageni waliokula chakula kilichochelewa. Hesabu hii mnaweza kuichukua na kumwonyesha msimamizi ye yote. Hatumwombi sadaka.

Mtoto wa shule hatukumtia katika mfano huu kwa kubahatisha. Hapa hapa Kilifi, wataalamu wa KEMRI na Wellcome Trust, ambao kazi yao ya pamoja kando ya hospitali ya Kilifi ilianza mwaka 1989, waliwafuata watu wa nyumba 47 za mashambani kwa miezi sita, tangu mwisho wa 2009 mpaka katikati ya 2010. Walikuwa wakichunguza virusi vingine vya kifua viitwavyo RSV, ambavyo huwatesa sana watoto wachanga. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2014 yalionyesha kwamba mtoto mchanga alipoambukizwa kutoka ndani ya nyumba, mara nyingi aliyeuleta ugonjwa alikuwa kaka au dada yake, hasa wa umri wa kwenda shule. RSV si mafua, lakini njia ni moja. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto anayekohoa kwa homa asimpeleke darasani, na asimlaze na mdogo wake.

Wengine hapa hudhani kwamba mafua ni ugonjwa wa baridi, yaani ni wa Ulaya. Kule Ulaya huja zaidi wakati wa baridi yao, Desemba mpaka Machi, na hiyo ndiyo miezi ambayo wageni wengi hutoka kule wakaja kulala katika hoteli zetu za Malindi na Watamu. Lakini Kenya mafua hayangoji msimu mmoja. Huonekana mwezi wo wote, kaskazi na kusi. Basi tusimtazame mgeni peke yake kwa jicho la shaka. Mgeni hulala siku kumi akaondoka, sisi kwa sisi tunakoholeana mwaka mzima.

Wako pia wanaocheka wakisikia mafua yametajwa pamoja na kifo. Hao na wakumbuke yaliyoipata pwani hii mwaka 1918. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vinakaribia kwisha. Mombasa ilikuwa imejaa meli, askari na wapagazi wa jeshi, wale waliotuachia jina la Kariakoo, na wengi wao walikuwa wakirudi makwao wamekonda na kuchoka. Wagiriama walikuwa wametimiza miaka minne tu tangu vita vyao na Waingereza vya 1914, walipokataa kutolewa kazi kwa nguvu na kufukuzwa mashamba yao ya ng'ambo ya Sabaki. Mvua nazo zilikosekana katika sehemu nyingi za nchi. Mwezi wa Septemba 1918 homa ile, ambayo Wazungu waliiita ya Kihispania, ikaingia kwa njia ya Mombasa, ikaenea mkoa wa pwani na kupanda bara.

Miaka mia moja baadaye watafiti watatu, Andayi, Chaves na Widdowson, walizifungua barua na hesabu za serikali ya kikoloni za mkoa wa pwani, wakatoa maandishi yao mwaka 2019. Walikuta kwamba vifo mwaka 1918 vilikuwa kama mara sita ya kawaida, na watu waliokwenda kutafuta matibabu mara tatu. Walikadiria kwamba homa hiyo iliua watu 25 katika kila 1,000 kwa mwaka. Maana yake, mji wa watu 400 uzike kumi, na hao ni wa ugonjwa mmoja tu. Duniani kote makadirio huanzia watu milioni 20 hata milioni 100. Tena haikuwa wazee na watoto peke yao, kama ilivyo kawaida ya mafua. Vijana wenye nguvu, wa miaka ishirini hadi arobaini, wale wale ambao hubeba magunia, walikufa kwa wingi. Wengi waliokufa hawakuuawa na mafua yenyewe moja kwa moja, bali na kichomi kilichofuata, wakati mapafu yalipokwisha kudhoofika. Dawa za kutibu kichomi hazikuwako bado.

Mafua mapya yalizunguka dunia tena mwaka 1957, kisha 1968, kisha 2009, na safari hiyo ya mwisho mgonjwa wa kwanza wa Kenya alithibitishwa mwishoni mwa Juni, naye alikuwa kijana mwanafunzi aliyetoka Uingereza. Ya 2009 hayakuwa makali kama ya 1918, na watu waliyasahau upesi.

Mwaka 2020 hamna haja ya kusimuliwa. Korona si mafua, lakini hupita kwa njia zile zile za pumzi na mikono. Tarehe 13 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza alitangazwa Nairobi. Kabla mwezi haujaisha kafyu ilianza, na tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, mpaka mapema Juni Kilifi na Kwale zilipofunguliwa. Ndege za abiria kutoka nchi za nje hazikuruhusiwa tena mpaka tarehe 1 Agosti. Hoteli zilifunga malango. Wenzetu wengi walipelekwa likizo bila malipo, wengine barua zao hazikusema hata watarudi lini. Wapishi wenye miaka ishirini ya kazi walikwenda kuvua na kuuza mihogo. Tunayataja haya kwa sababu moja. Maradhi yakiachwa mpaka yawe makubwa, dawa inayobaki ni kufunga, na mfanya kazi ndiye hufungiwa wa kwanza na kufunguliwa wa mwisho. Ile ndoo yenye bomba na sabuni iliyokuwa kila mlango mwaka 2020, leo iko wapi? Katika sehemu kadha tulizopita wajumbe, imekuwa ya kuwekea mkaa.

Tuseme basi la kufanya. Sabuni ni silaha kubwa, na si lazima iwe ya manukato. Kijidudu cha mafua kimevikwa ngozi ya mafuta, na sabuni ya kipande, ile ile ya kufulia, huipasua ngozi hiyo. Sugua viganja, kati ya vidole na kucha, kwa muda wa kuhesabu ishirini polepole. Maji yasipotoka bombani, nasi twajua siku hizo ni nyingi, kibuyu chirizi cha mtungi na kamba chatosha. Kohoa kwenye kiwiko au kwenye leso yako, si kwenye kiganja. Barakoa ivaliwe na anayekohoa ambaye hana budi kutoka, na anayemwuguza. Madirisha ya vyumba vya kulala yafunguliwe, na hapo mtu atauliza, na mbu je? Neti. Tajiri anayewalaza watu sita chumba kimoja ndiye anayepaswa kutia wavu dirishani, na hilo ni dai halali. Katika matatu, fungua dirisha ingawa makanga ananung'unika.

Lakini yako mambo yetu wenyewe ambayo hakuna tajiri wa kulaumiwa. Muuza kahawa hupitisha vikombe vidogo kwa watu ishirini, akavisuuza katika ndoo moja ile ile tangu magharibi. Twaipenda kahawa hiyo. Basi atiwe moyo awe na maji ya moto na sabuni, au kila mtu aje na kikombe chake. Kwenye mangwe, mnazi hunywewa kwa mrija unaopita kinywa hata kinywa, na mtu akikataa mrija wa mwenzake huonekana ana maringo. Wakati wa ugonjwa, kila mtu na mrija wake, na asiyetaka kusikia hivyo akae mbali. Katika matanga watu hushikana mikono mamia kwa mamia. Watoto wetu waliolelewa vizuri hubusu mkono wa babu. Adabu hiyo hatutaki ife, lakini shikamoo haihitaji kiganja, na babu mwenye kifua kibovu atapendezwa zaidi kusalimiwa kutoka mlangoni kuliko kuuguzwa.

Aliyeugua alale nyumbani, chumba chake au pembe yake, dirisha wazi, kikombe na kijiko chake mwenyewe, na mtu mmoja tu wa kumhudumia. Anywe kwa wingi: maji, uji, supu, madafu. Tangawizi na asali hulainisha koo, hazimwui kijidudu, wala hatuwadharau wanaozitumia. Mwarobaini vile vile, mradi usimzuie mtu kwenda kupimwa. Paracetamoli hupunguza homa na maumivu. Aspirini asipewe mtoto wala kijana mwenye mafua, kwa maana yaweza kumdhuru ini na ubongo. Na vidonge vya kuua bakteria, kama amoksilini, havifanyi lo lote kwa mafua. Kazi yake ni kichomi na mengine ya bakteria, na anayepasa kuviandika ni mwenye kupima, si mwenye duka.

Mgonjwa aweza kurudi kazini akisha kupita siku nzima bila homa, naye hakumeza dawa ya kushusha homa siku hiyo. Kwa wengi ni siku ya tano au ya sita tangu kuanguka.

Lakini wako wasioweza kungojea nyumbani. Mwenye kupumua kwa shida au kwa haraka, mwenye maumivu ya kifua, anayepayuka au asiyeamka vizuri, mwenye midomo ya kibuluu, mtoto asiyenyonya wala kunywa au aliyepata degedege, na yule aliyepata nafuu kisha homa ikarudi kwa nguvu na kikohozi kibaya zaidi: hao wapelekwe hospitali mara moja, hata usiku. Huyo wa mwisho hasa mwangalieni, maana ndiye watu humwacha kwa kudhani amekwisha pona, kumbe ni kichomi. Tena mama mjamzito, mtoto mdogo, mzee, mwenye pumu, moyo, kisukari au ukimwi, na mwenye selimundu, ugonjwa ambao twaujua sana Kilifi, wasingoje dalili hizo. Wao waende mapema. Chanjo ya mafua ipo, nayo hutengenezwa upya mara kwa mara kwa sababu virusi hubadilika. Ulizeni bei yake katika hospitali, na wajumbe wa hoteli wawaulize matajiri kama watawalipia watu wao, maana hao ndio wanaosimama mbele ya wageni.

Tumerudi sasa penye ujira wa siku, na hapa tunaomba msikilize kwa makini kwa sababu watu wengi hupoteza haki yao kwa kutojua njia.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yasema hivi: mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kwa mwajiri wake ana haki ya siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na baada yake siku saba kwa nusu mshahara, katika kila miezi kumi na miwili. Hizo ni chini kabisa. Mapatano ya chama na matajiri yanaweza kutoa zaidi, mwulize mjumbe wako. Masharti ni mawili. La kwanza, umpe mwajiri habari mapema iwezekanavyo kwamba hutakuja na kwa sababu gani. Sheria yakubali hata umtume mtu. Basi tuma ujumbe wa simu kwa msimamizi, usiufute, na umwarifu mjumbe pia. Anayenyamaza siku tatu akatokea na kikohozi anampa tajiri nafasi ya kusema ametoroka kazi, na kutoroka kazi bila sababu halali ni kosa kubwa katika sheria ile ile. La pili, ulete cheti cha kutoweza kazi. Wengi hudhani lazima kitoke kwa daktari mkubwa wa Malindi au Kilifi mjini. Sivyo. Sheria yamtaja daktari, au anayefanya kazi kwa niaba yake akiwa msimamizi wa zahanati au kituo cha matibabu. Mtu wa Gongoni au Matsangoni aende zahanati ya kwao, apimwe, aombe cheti kabla hajaondoka pale. Kukiomba baada ya wiki ni taabu.

Vibarua watasema, hayo ni ya wenye kazi ya kudumu. Si hivyo kabisa. Kifungu cha 37 chasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo miezi miwili au zaidi tangu alipoandikwa ana haki ya masharti ya kazi sawa na ambaye angekuwa hakuandikwa kwa ukibarua. Wako matajiri wanaomwachisha mtu siku mbili tatu kila mwisho wa mwezi wa pili kisha wakamwita tena, ili hesabu ianze upya. Mkiona hivyo, andikeni tarehe. Bila tarehe hatuna la kusema mbele ya afisa wa kazi.

Iko pia sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka huo huo wa 2007. Mahali penye wafanya kazi ishirini au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, wenye kazi wakiwamo. Hoteli nyingi, viwanda vya chumvi, na mashamba ya mkonge ya Vipingo yamepita idadi hiyo mbali. Katika kamati hiyo ndimo mnamoweza kudai sabuni na maji jikoni, vikombe vya kutosha, wavu madirishani, na vitanda visibanane. Kamati ikiwa ni jina tu ukutani, tupeni habari.

Tumepatana na wajumbe mambo haya. Kila mmoja atakuwa na ukurasa wa homa katika daftari lake, bila kutaja ugonjwa wa mtu mbele ya watu, maana siri ya mgonjwa ni yake. Watu watatu wa idara moja wakiugua katika siku saba, ataleta habari ofisini kwetu siku hiyo. Barua ya kuwaomba matajiri wakubali mgonjwa alale kwa malipo siku mbili za kwanza kabla cheti hakijafika imekwisha andikwa, nayo itapelekwa kwanza kwa hoteli za ufukoni, kisha kwa wengine. Majibu yatachapwa katika toleo lijalo, ya kukubali na ya kukataa. Wanachama wa Gongoni na Ngomeni ambao hawakuweza kufika watasomewa maneno haya na wajumbe wao siku ya malipo, kabla foleni ya mshahara haijaanza.